Ziwa Likifungwa: Sheria Inasema Nini, na Kwa Nini?

Kila mwaka ukifika mwezi wa tatu, maswali yale yale huanza kuletwa katika ofisi yetu ya maendeleo. Je, mwaka huu ziwa litafungwa kweli? Ni omena peke yake, ama hata mbuta? Mama aliye na magunia mawili ya omena nyumbani atashikwa akiyapeleka sokoni mwezi wa tano? Na mbona sisi tunafungiwa, na wale wa ng'ambo ya mpaka wanaendelea kuvua? Tumeona afadhali tuyajibu hapa mara moja, ili jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya akina mama na wenzetu wa fuoni wapate kuyasoma pamoja na kuyajadili.

Watu wa ziwa hutania kwamba Kwaresima ya Kanisa ikiisha, Kwaresima ya wavuvi ndiyo inaanza. Ni utani, lakini una uchungu ndani yake, maana miezi minne bila omena ni karo, ni unga, ni dawa ya mtoto. Ndiyo sababu hatutaki kusema tu "tiini sheria" halafu tunyamaze. Mtu akijua kwa nini jambo limekatazwa, ataweza kulitii hata siku ambayo askari hayupo. Na pia ataweza kusema wazi pale ambapo sheria yenyewe inamwumiza.

SI ZIWA LOTE LINALOFUNGWA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwa upande wa Kenya, kipindi cha tarehe 1 Aprili mpaka tarehe 31 Julai kimewekwa kuwa wakati wa kutovua omena katika Ziwa Victoria. Pamoja na omena, huwa panalindwa pia mahali samaki wanapozalia: midomo ya mito, na vighuba vyenye matete ambako maji hayana mawimbi. Lakini mvuvi wa mbuta au wa ngege aliye na leseni, na wavu wake ni wa kipimo halali, haketi bure miezi hiyo. Anaendelea na kazi yake katika maji ya wazi.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu kila mwaka kuna watu wanaotishwa bure, na kuna wengine wanaoutumia mkanganyiko huo. Mvuvi wa ndoana anaambiwa "ziwa limefungwa, toa kitu kidogo," naye anatoa kwa sababu hajui. Ukijua kilichofungwa ni nini, utajua pia cha kujibu.

Basi mbona miezi hiyo? Tukumbuke mvua. Masika yetu huanza mwezi wa tatu na kuendelea mpaka wa tano. Mito ya Nzoia, Yala, Sondu na Kuja hufurika na kumwaga maji ya matope ziwani, na maji hayo yana chakula kingi. Wazee wanajua kwamba mafuriko ndiyo yanayowaita samaki. Ningu, fwani na mumi huacha ziwa na kupanda mito kwenda kutaga mayai, halafu watoto wao huteremka na maji. Samaki wengine hawapandi mto, lakini watoto wao hukaa karibu na ufuo, ndani ya majani, kwa kuwaogopa wakubwa.

Omena wenyewe huzaa karibu mwaka mzima, lakini si kwa nguvu ile ile kila mwezi. Ni samaki wadogo, wengi hawafiki urefu wa kidole, na maisha yao ni mafupi. Wanakomaa kabla ya mwaka kwisha. Hiyo ni baraka, kwa sababu wakipewa nafasi wanarudi haraka kuliko samaki wengine. Shida ni wavu wao. Macho ya wavu wa omena ni madogo sana, na ukitupwa karibu na ufuo hauchagui. Unaleta omena, unaleta watoto wa omena, na ndani yake unaleta mbuta wa urefu wa kiberiti na ngege wadogo kama mbegu za boga. Hao hawana bei. Wanaanikwa pamoja na omena ama wanatupwa. Mbuta ambaye baada ya muda angeuzwa kwa kilo ameishia kwenye gunia la chakula cha kuku.

Kwa hiyo kufunga omena ni kuwalinda omena wenyewe, na pia ni kuwalinda watoto wa samaki wengine wote wanaokaa mahali pamoja nao. Mvuvi wa mbuta anayesema "hayo ni mambo ya watu wa omena" hajafikiri vizuri. Mbuta wake wa miaka ijayo wamo ndani ya wavu ule.

Tena wavuvi wa omena si wageni wa jambo la kupumzika. Uvuvi huu ni wa usiku wa giza. Taa huelea juu ya maji (zamani ilikuwa karabai ya mafuta, siku hizi nyingi ni za sola) na omena huifuata nuru. Mwezi ukiwa mpevu nuru ya taa haina nguvu, na mashua hubaki ufuoni. Kila mwezi basi mbalamwezi inalifunga ziwa kwa siku kadhaa, na hakuna anayeilalamikia.

TULIVYOPOTEZA NGEGE NA NINGU

Kuna wanaosema kwamba sheria hizi ni mambo mapya yaliyoletwa na wafadhili. Si hivyo. Mwaka 1927 na 1928 serikali ya kikoloni ilimtuma mtaalamu, Michael Graham, kulipima ziwa hili. Wakati huo nyavu za kutega zilikuwa zimeshaingia na ngege walikuwa wameanza kupungua. Alishauri kwamba wavu wowote wa kutega usiwe na macho chini ya inchi 5, na katika miaka ya 1930 jambo hilo likafanywa sheria. Baadaye, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, nchi zetu moja baada ya nyingine ziliiondoa sheria ile, kwa kuwa ilikuwa ngumu kusimamia na watu walitaka kuvua zaidi. Nyavu zikashuka inchi, zikashuka tena, na ngege wakashuka pamoja nazo.

Hatutaki kudanganya kwamba nyavu peke yake ndizo zilizowamaliza. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 mbuta waliletwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa wamejaa upande wetu na kuwala fulu na samaki wengine wengi. Pia waliletwa ngege wa kigeni, nyamami, ambaye ndiye tunayemla leo na kumwita ngege. Lakini mbuta aliwakuta ngege wa asili wameshadhoofishwa. Leo ukitaka kumwona yule ngege wa babu zetu, afadhali uende Ziwa Kanyaboli kule Siaya, kwenye kinamasi cha Yala. Ziwa lile dogo limemhifadhi kwa sababu mbuta hakuingia humo.

Habari ya ningu ni fupi zaidi, na inasikitisha. Yeye alikuwa samaki wa mto wakati wa mvua, na watu walimngojea kwa mitego ya kienyeji. Zilipokuja nyavu za kutega, zikawekwa mdomoni mwa mto. Ningu alikuwa anakamatwa akiwa na tumbo la mayai, kabla hajapanda. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeanguka, na haujasimama tena kama zamani. Hakuna mbuta wa kulaumiwa hapo. Ni wavu uliowekwa mlangoni, katika mwezi usiofaa.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, panapokatazwa kumchukua ndege mama pamoja na makinda aliyoyalalia. Musa hakuwa mvuvi, lakini wavu ule wa mdomo wa mto ulifanya jambo hilo hilo.

VIPIMO: KILA SAMAKI NA WAKE

Wavu wa kutega mbuta au ngege uwe na macho yasiyopungua inchi 5, yaani milimita 127. Wengi hukosea namna ya kupima. Hupimi jicho likiwa wazi kama dirisha. Shika jicho moja la wavu, ulivute mpaka lifunge, kisha upime kutoka fundo moja hadi fundo linalolikabili. Hapo ndipo inchi 5 zinapotakiwa. Dukani utaambiwa "hii ni tano" na ikifika nyumbani ni nne na nusu. Nenda na rula yako, na upime macho kadhaa, pale pale mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa pesa.

Wavu wa omena, kipimo cha sheria yetu kimekuwa milimita 10. Sote tunajua kwamba nyavu nyingi za omena fuoni ni za macho madogo kuliko hayo, nyingine karibu na chandarua cha mbu. Na chandarua chenyewe tulichopewa kwa ajili ya malaria kimeonekana majini mara nyingi, jambo ambalo ni hasara mara mbili.

Mbuta ana kipimo cha mwili pia, na hiki kinashangaza watu. Asiwe chini ya sentimita 50, na asiwe juu ya sentimita 85, ukipima kutoka mdomoni hadi mwisho wa mkia. Kwamba mdogo aachwe, hilo kila mtu analielewa. Kwa nini mkubwa naye aachwe? Kwa sababu mbuta dume hukomaa mapema, lakini jike hukawia, na wale wakubwa sana karibu wote ni majike. Jike mmoja mkubwa hubeba mamilioni ya mayai. Ukimwua huyo kwa ajili ya picha na sifa za ufuoni, umeua kitalu kizima. Njia nyepesi ni kukata alama mbili kwenye ubao wa mashua, moja kwa 50 na moja kwa 85, kwa hiyo hata gizani mkono unajua.

Ngege yeye hana mamilioni. Mayai yake ni machache, na jike huyaweka mdomoni mwake mpaka yaanguliwe, halafu huwabeba watoto mle mle wanapotishwa. Mwenye kumkamata jike wakati huo huwaona watoto wakimwagika mdomoni. Kwa ngege kipimo ni kutoka sentimita 25 kwenda juu.

Halafu kuna vitu vilivyokatazwa mwaka mzima, mwezi wa nane kama mwezi wa nne. Juya la kukokotwa ufuoni lilipigwa marufuku mwaka 2001. Juya linakwangua chini kabisa, linang'oa majani na kuvunja viota ambavyo ngege dume huvichimba mchangani, na linabeba kila kitu kilichomo. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zile zinazong'aa kama kioo majini, nazo zimekatazwa. Zikikatika na kupotea zinaendelea kuua samaki chini ya maji bila faida kwa mtu yeyote. Baruti zimekatazwa. Sumu imekatazwa, na kuhusu sumu hatuhitaji kubembelezana. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari za watu kuvua kwa dawa za wadudu. Viwanda vilipunguza watu, bei ya mbuta ikaanguka ufuoni, na waliolipa ni wale ambao hawakuwahi kugusa sumu.

NANI ANAYEFUNGA, NA NANI ANAYESHIKA

Sheria ya zamani ya uvuvi, Sura ya 378, ilipitishwa mwaka 1989. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria mpya ya usimamizi na maendeleo ya uvuvi, nayo ikaanzisha shirika la taifa la uvuvi. Tangu Katiba ya 2010, kaunti nazo zina kazi yake katika uvuvi, ndiyo maana shughuli nyingi za leseni na za ufuoni zinapitia ofisi za kaunti: Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Lakini kutangaza msimu wa kufunga ni jambo la serikali ya taifa, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Tarehe na masharti yanaweza kurekebishwa kwa tangazo kama hilo. Usitegemee uvumi wa sokoni. Nendeni kwa bwana samaki mwezi wa tatu, mumwombe awaonyeshe karatasi ya mwaka huo.

Ufuoni kuna BMU. Kanuni za mwaka 2007 ndizo zilizozipa nguvu ya kisheria hapa Kenya: kuandikisha wavuvi na mashua, kuweka kumbukumbu za samaki wanaotua, na kusaidia kulinda mahali pa kuzalia. Ndani ya BMU hawaketi wenye mashua peke yao. Mabaria wanaofanya kazi ndani ya mashua wana nafasi, na akina mama wachuuzi wana nafasi. Tunalisema hili kwa sababu tumeona fuo ambazo mwenye mashua tatu ndiye mwenyekiti, ndugu yake ni mweka hazina, na mama wa omena anaitwa siku ya kupika chai ya mkutano. BMU ya namna hiyo haiwezi kumkataza mtu kitu. Ikimshika mvuvi wa mtumbwi mmoja, watu watasema, na watakuwa na haki, mbona ule wavu wa mwenyekiti haukupimwa?

Tuna neno pia kuhusu kuchoma nyavu. Mara kwa mara tunaona lundo la nyavu haramu likiteketezwa ufuoni, na maofisa wamesimama kupigwa picha. Sheria lazima itekelezwe, hatubishi. Lakini nyavu hizi hazioti majini. Kuna aliyeziingiza nchini, kuna aliyeziuza dukani mchana kweupe, kuna tajiri aliyezinunua na kumkabidhi kijana asiye na kazi. Yule anayechomewa na kushtakiwa mara nyingi ni huyo kijana peke yake. Maoni yetu ni kwamba moto ule ungeanzia dukani.

Sasa lile swali la mama mwenye magunia mawili. Omena waliovuliwa kabla ya tarehe 1 Aprili hawakuvuliwa kinyume cha sheria, na omena wa vizimba vya forodha waliotoka nchi jirani kwa njia halali ni vivyo hivyo. Shida ni kwamba omena mkavu hana tarehe usoni. Sheria inamfikia pia anayeuza au kusafirisha samaki waliovuliwa kwa njia isiyo halali, kwa hiyo ukikutwa barabarani bila karatasi ni neno lako dhidi ya neno la askari. Mwite bwana samaki ayaone magunia kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu, uombe kibali cha kusafirisha, uweke na risiti ya ulikonunua. Ni kazi ya asubuhi moja.

NA WALE WA NG'AMBO?

Malalamiko haya ni makubwa, na hayawezi kupuuzwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Kenya ina asilimia 6 tu ya maji hayo. Karibu nusu ni ya Tanzania, na inayobaki ni ya Uganda. Samaki hajui mpaka. Mvuvi wa Mbita au wa Port Victoria anapofunga nyavu zake mwezi wa nne, anaona malori ya omena kutoka nje yakiingia soko lile lile alilokuwa akiuzia, na bei nzuri ya wakati wa uhaba inaliwa na mtu mwingine. Ni nani asiyeumia moyo?

Nchi hizi tatu zilitia sahihi mkataba hapa Kisumu tarehe 30 Juni 1994 wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo makao yake ni Jinja. Kupitia shirika hilo yamezungumzwa mambo mengi ya vipimo vya nyavu na vya samaki. Kuhusu miezi ya kufunga, hata hivyo, hatujawa kitu kimoja, na sisi tunaona hapo ndipo wabunge na magavana wetu wangetumia sauti yao, badala ya kuja ufuoni wakati wa kura kuahidi kwamba msimu utafutwa.

Kwa sasa tunawaonya vijana wanaofikiri dawa ni kuvuka. Ukiwa ndani ya maji ya Uganda uko chini ya sheria ya Uganda, nayo ni kali. Mwaka 2017 serikali ile iliweka askari wa jeshi ziwani kusimamia uvuvi, na mashua fupi zisizofika futi 28 zikawa zinachomwa pamoja na nyavu haramu. Mitumbwi mingi ya kwetu haifiki urefu huo. Leseni ya kaunti yako haitakusaidia kule.

Je, kufunga peke yake kunaponya ziwa? Tutazame Naivasha, ziwa ambalo ni letu peke yetu, halina jirani wa kulaumiwa. Mwaka 2001 samaki walikuwa wamepungua kiasi kwamba uvuvi wote ulisimamishwa kwa mwaka mzima. Ulipofunguliwa mwaka 2002, mashua zilipunguzwa, na katika miaka iliyofuata kilichojaa zaidi nyavuni ni kapu, samaki mgeni aliyekuwa ameingia ziwani karibu na wakati ule ule. Kwa hiyo ziwa liliwapa watu riziki tena, lakini haikuwa riziki ile ile waliyokuwa wakiingojea. Tunachojifunza ni kwamba mapumziko yanasaidia pale ambapo idadi ya mashua na ukubwa wa macho ya nyavu vinasimamiwa miezi minane inayobaki. Ukipumzisha ziwa miezi minne, halafu tarehe 1 Agosti ukaingia na nyavu za chandarua na mashua mara mbili ya zamani, ulichoweka akiba kinaisha kabla ya Krismasi.

MIEZI MINNE NYUMBANI

Wataalamu huongea sana juu ya samaki na kidogo sana juu ya sufuria. Gorogoro moja ya omena ndiyo nyama ya maskini katika nchi hii, na ikipanda bei, watoto wa mbali na ziwa nao hukosa. Ufuoni hali ni mbaya zaidi. Baria hana mshahara. Hulipwa sehemu ya kile kilichopatikana usiku ule. Pasipo kuvua hakuna sehemu. Na mama mchuuzi hukopa kwa mwenye mashua ili Agosti apate kuwekwa wa kwanza.

Hapo ndipo jaboya inapopata nguvu, ile desturi ya mwanamke kudaiwa mwili wake ndipo auziwe samaki. Hatutaficha neno hili katika jarida la Kanisa. Limewaua watu wetu kwa UKIMWI, limewaacha mayatima katika vijiji vya ziwa, na husitawi zaidi samaki wanapokuwa haba. Mama mwenye akiba yake mwenyewe anaweza kusema hapana. Vikundi kadhaa vya akina mama vimenunua mashua na nyavu zao wenyewe kwa sababu hii hii, na tunaona ni njia iliyo bora kuliko semina nyingi.

Kwa bahati, miezi hii inalingana na shamba. Mahindi na mtama wa masika hupandwa mwezi wa tatu, hupaliliwa wa nne na wa tano, na mavuno huanza karibu na Julai. Familia ya mvuvi iliyo na ekari moja inaweza kuivuka njaa hii kama mbegu ilinunuliwa kwa pesa za omena za Februari. Baada ya Machi pesa hizo huwa zimeshayeyuka. Tunashauri vikundi vya kuzungushiana pesa vipange zamu kubwa ziangukie mwezi wa pili na wa tatu, na kwamba kila mashua ikate kitu kidogo kila wiki kuanzia Agosti, kiwekwe SACCO kwa jina la mabaria, si kwa jina la mwenye mashua.

Jambo lingine ambalo halisemwi ni kwamba omena wa Aprili na Mei hata wakivuliwa wengi huoza. Huanikwa chini, mvua inanyesha, wanalowa, wananuka, na bei inakuwa ya chakula cha mifugo. Hasara ya kufunga basi ni ndogo kuliko inavyoonekana ukihesabu ndoo peke yake. Wale wa Februari wakianikwa juu ya chanja badala ya mchangani, wakakauka sawasawa na kuwekwa kwenye gunia safi mahali pasipo na unyevu, watauzwa mwezi wa tano kwa bei ambayo Februari huwezi kuiota.

Mabwawa ya samaki tumeyaeleza mara nyingi na hatutarudia. Kwa ufupi: bwawa la futi chache lililochimbwa kwa hasira mwezi wa nne halitalisha mtu mwezi wa sita. Ngege wa bwawa anahitaji miezi kama sita au zaidi na chakula cha kila siku, kwa hiyo mwenye nia aanze Oktoba.

Kwa wale wanaotaka kujadili haya kabla ya msimu, ombeni BMU yenu iitishe mkutano wa wanachama wote katikati ya Machi, mualike bwana samaki, na kila mtu alete wavu wake na rula. Muulize mambo matatu: tarehe za mwaka huu kama zilivyotangazwa, mahali pa kuzalia palipowekewa alama karibu na ufuo wenu, na karatasi anazohitaji mchuuzi. Majibu yaandikwe katika kitabu cha BMU, yabandikwe penye mizani ambapo mabaria na akina mama watayaona, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale ufuoni.